Shuka Lisilofuliwa

Homa ya Chiriku ilishuka Jumatano asubuhi, na kabla ya saa nne baba yake alikuwa amekwishafika wodini na gauni la njano, viatu, na mfuko wa kubebea vyombo. Baba huyo alikuwa fundi wa matairi, mtu wa kucheka kwa sauti, na siku hiyo alicheka hata na mlinzi wa getini ambaye tangu zamani walikuwa hawaivi chungu kimoja. "Mwanangu amepoa!" alimwambia kila aliyepishana naye. "Amepoa kama maji ya mtungini!"

Mkewe hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda namba saba, ameushika mkono wa mtoto kwa viganja viwili, na mkono ule ulikuwa baridi kupita kiasi. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi. Waliomwita Chiriku hawakukosea, maana alianza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hajapumzika. Sasa alikuwa anatazama chandarua, hasemi kitu.

"Mama Chiriku, mbona umenuna? Mvalishe mtoto twende. Karatasi ya ruhusa hii hapa, inangoja saini yako tu."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Sasa hatuendi."

Fundi aliangalia huku na huku. Wodi ya watoto ilikuwa imejaa wagonjwa wa dengi, ile homa ya mbu, kutoka mlango hadi dirisha, na kila mama alikuwa na masikio. Akainama, akapunguza sauti. "Homa imeshuka, mama. Homa ikishuka mtu amepona. Hata mtoto mdogo anajua."

"Mimi nafua mashuka ya waliopona," mkewe akasema. "Ngoja kwanza."

Hospitalini walimwita Mama Povu. Alikuwa mfuaji, na dobi yao, pale pa kufulia, ilikuwa nyuma kabisa, kupita jenereta, mahali ambapo wageni hawafiki. Miaka kumi na mitatu alikuwa analoweka, anasugua, anakamua na kuanika, na kwa muda wote huo hakuna aliyemuuliza lolote isipokuwa mashuka yamekauka au bado.

Zamani mashuka yale yalikuwa meupe. Kisha msimamizi wa dobi, bwana mmoja mwenye funguo nyingi kuliko milango, akamwandikia mganga mkuu kwamba mashuka meupe yanakula sabuni na yanaiaibisha hospitali mbele ya wageni. Heri rangi ya damu ya mzee, isiyoonyesha madoa. Wazo likapendwa. Msimamizi akapewa cheti, akakitundika ukutani juu ya mashine ya kukamulia, na mashuka meupe yakatupwa stoo yangoje kukatwa matambara. Madoa hayakwisha. Yaliacha kuonekana tu, na hayo ni mambo mawili tofauti, mfuaji yeyote atakwambia.

Wiki za kwanza maji ya kulowekea yalikuwa mekundu kwa sababu ya rangi. Baada ya kufuliwa mara tatu nne, rangi ikaacha kutoka, maji yakatulia. Dengi ilipoingia mjini, pipa la wodi ya watoto likawa jekundu tena. Mama Povu alipapasa mashuka yale kabla ya kuyaloweka, akakuta upande wa mto kuna vidoa vikavu, vigumu chini ya kidole gumba. Akaangalia alama za vitanda. Yalikuwa ya watoto walioruhusiwa kurudi nyumbani kwa sababu homa imeshuka.

Alikwenda kumwambia msimamizi. Alimwambia akiwa amesimama, kwa kuwa wafuaji hulowa na viti vya ofisini ni vya kitambaa. Msimamizi alimsikiliza huku akichambua funguo zake.

"Wewe umeajiriwa kufua mashuka," akamjibu. "Hukuajiriwa kuyasoma."

Mama Povu akarudi kwenye pipa lake. Wiki ileile mtoto mmoja wa kitanda namba tatu alirudishwa mgongoni kwa mama yake, siku moja tu baada ya kuruhusiwa. Safari hiyo shuka lake halikuja dobi. Lilimfunika hadi kwenye kile chumba cha baridi nyuma ya jengo, ambako wageni pia hawafiki. Mama Povu aliliona likipita. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema watu, ila hawasemi kwamba anayeumbuliwa mara nyingi si yule aliyeficha.

*

Metroni alikuja na daftari kifuani. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa hajakaa chini tangu alfajiri, miguu imemvimba, na alikuwa na wagonjwa arobaini kwenye vitanda ishirini na vinne.

"Mama Povu, wewe ni mtu wa humu ndani. Naomba unisaidie. Tazama pale."

Pale sakafuni, juu ya mkeka, mama mmoja alikuwa anampepea binti wa miaka mitatu hivi, uso umewaka kwa homa.

"Yule naye ana mama," Metroni akasema.

"Mpandishe hapa. Watalala wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Mimi nitashuka mkekani na mwenzangu."

"Na karatasi?"

"Karatasi siisaini mpaka mwanangu apimwe chembe."

Siku ya kumlaza, Jumatatu, daktari kijana alikuwa amemweleza vizuri. Katika damu kuna chembe za kugandisha, ndizo zinazoziba mtu asivuje. Mwenye afya ana laki moja na nusu kwenda juu katika kitone kimoja cha kipimo, na dengi huzila. Chiriku alikuwa nazo elfu tisini na sita. Tangu hapo hakupimwa tena. Dawa ya mashine ya kuhesabia damu ilikuwa inaelekea kwisha, likabandikwa tangazo: kipimo cha pili ni kwa mwenye homa au anayetoka damu.

"Hana homa," Metroni akasema. "Na hatoki damu. Hapimwi."

"Umejuaje hatoki damu?"

"Nina macho, Mama Povu."

"Kwa shuka hilo?"

Metroni alilitazama shuka, jekundu lililoiva, safi kwa kila atakayelitazama. Akafunga daftari. "Tangu lini dobi akampangia daktari kazi?"

Kisha mtu akacheka kule dirishani, na kicheko kikapita kitanda hadi kitanda. Fundi wa matairi aliuona uso wa mkewe ukiiva, na aibu ile akaigeuza kuwa hasira, kama wanavyofanya wanaume wengi.

"Umefurahi?" akamuuliza. "Juzi bwana afya kaja kibandani kwangu, kayapindua matairi yangu kwa fimbo mbele ya wateja, kawaonyesha viluwiluwi. Mtaa mzima unaniita mfuga mbu. Nataka mwanangu apite barabarani kwa miguu yake, wamwone. Hilo tu. Na wewe unanikatalia kwa ajili ya mashuka!"

"Nakukatalia kwa ajili ya mtoto."

"Basi baki naye."

Akaondoka na gauni la njano begani. Mama Povu alitamani kulia, na angelia kama wasingekuwa wanamtazama. Badala yake alimpandisha yule binti mdogo kitandani, akamwomba mama yake awaangalie wote wawili, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mlango wa stoo ya dobi ulikuwa na kufuli kubwa na bawaba zilizolegea. Funguo zote zile, na bawaba hakuna aliyezikumbuka. Akauinua mlango kidogo, akaingia, akachagua shuka moja jeupe ambalo mkasi ulikuwa umelianza pembeni na kuliacha. Mwenzake wa dobi, mwanamama mnene waliyezoea kumwita Bafuta, alimkuta akitoka nalo chini ya kwapa.

"Shoga, hilo ni mali ya hospitali."

"Na mimi je?"

Bafuta akafikiri. "Wewe ni mali ya hospitali pia, ila hujakatwa bado. Pita upesi."

*

Alhamisi kulipopambazuka, shuka jeupe alilolitandika kitandani lilikuwa na madoa manne. Kubwa lilikuwa kama punje ya hindi, mengine madogo zaidi, yote upande wa Chiriku, pale mdomo wake ulipokuwa umelala. Juu ya jeupe hayakuhitaji miwani wala elimu. Mama Povu aliyatazama kwa muda, mkono wake wa mazoea ukitafuta sabuni, kisha akajizuia.

Nesi wa zamu alipita. "Fizi hizo. Watoto hujiuma wakilala."

"Niitie daktari."

"Daktari anakuja saa tatu."

"Basi nitamfuata alipo na shuka lenyewe, na nitalishika hivi, nikipita mlango wa mbele."

Daktari akaja saa moja na nusu, kamba za viatu hazijafungwa. Alikuwa kijana aliyechoka kama mzee. Mama Povu alikunjua pembe ya shuka tu. Yule kijana akapiga goti, akafunua mdomo wa Chiriku kwa kidole, akatazama fizi. Akaugeuza mkono wa mtoto, na chini ya ngozi kulikuwa na vidoti vyekundu, vingi, kama mtu aliyechomwachomwa kwa sindano.

"Anaumwa tumbo?"

"Tangu jana. Kwenu ni mgonjwa aliyepona, nani angemuuliza?"

Daktari alivigusa vidoti vile. "Vimeanza lini hivi?"

"Sijui, daktari. Na wewe hujui. Tumemlaza siku tatu kwenye shuka lisilosema kweli."

Daktari alitoa damu mwenyewe, akaitia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Nesi akasema tarishi atakipeleka. Mama Povu akasema tarishi atamkuta njiani, akakichukua, akaenda nacho maabara kwa hatua ambazo hakuna aliyewahi kumwona nazo.

Maabara ilikuwa na mwanamke mmoja mwembamba, mkali, miwani imefungwa uzi, anayejulikana kwa jina la Darubini. Alikuwa na tabia iliyowaudhi wakubwa wake: mashine ikisema jambo zito, hakuiamini mpaka aweke tone kwenye kioo na kuhesabu kwa macho yake, akibonyeza kidude cha kuhesabia mkononi. Aliingiza kichupa mashineni, akasoma, akakunja uso. Akakaa kwenye kigoda chake. Ka, ka, ka, kidude kikalia. Mama Povu alisimama mlangoni akisikiliza kila mlio, maana kila mlio ulikuwa damu ya mwanawe.

"Mashine haikudanganya," Darubini akasema mwishowe. "Elfu ishirini na moja."

"Kutoka tisini na sita."

"Kutoka tisini na sita. Na homa imeshuka, sivyo? Ndivyo huu ugonjwa ulivyo mnafiki. Homa ikiondoka ndipo hatari inavuta kiti. Nani alikuzuia usiende nyumbani?"

"Shuka."

Darubini alidhani amesikia vibaya, lakini alikuwa na vichupa vingine vya kuhudumia.

*

Dripu ikatundikwa. Karatasi ya ruhusa daktari aliichana mwenyewe, vipande vinne, mbele ya Metroni. Kila saa mtu alikuja kupima mapigo na kuuliza mkojo, na Chiriku alikuwa amelala tu, midomo imekauka, akimpiga mwenzake mdogo teke moja moja bila nguvu.

Fundi alifika mchana. Alikuwa amesikia getini, kwa yule yule mlinzi. Alisimama miguuni pa kitanda akalitazama shuka, madoa yamegeuka kahawia, na hakuna aliyeyagusa.

"Ningempeleka nyumbani," akasema.

"Ungempeleka."

"Ningemvalisha gauni."

Mkewe hakumsaidia. Kuna wakati wa kumwondolea mtu mzigo na kuna wakati wa kumwacha aubebe ajue uzito wake. Alimsogezea mkeka tu, akakaa.

Ijumaa kipimo kilikuwa elfu kumi na nane. Fundi alitoka nje, akashika ukuta. Darubini alikuwa amemwagizia Mama Povu aende maabara, akaenda.

"Funga jicho moja. Tazama humu."

Aliona uwanja wa waridi, vijiduara vimejazana, na hapa na pale vijipande vya zambarau.

"Hivyo vidogo vya zambarau ndizo chembe zilizobaki. Wazee. Umeona vile vikubwa, vimenenepa?"

"Kimoja. Viwili. Kuna kingine pembeni."

"Jana havikuwapo. Hizo ni chembe changa. Zimetoka mifupani, kwenye uboho, labda leo alfajiri. Dengi ilikuwa imekifunga kiwanda. Kimefunguliwa."

"Lakini hesabu imeshuka!"

"Hesabu huchelewa kupata habari. Mimi sifurahii hesabu ya leo, nafurahia ukubwa. Usiende kumwambia daktari kwamba nimekuahidi kitu, sijakuahidi. Lakini machozi yako yaweke mpaka kesho."

Mama Povu aliinua uso. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa anaiosha damu ya watu kwa mikono, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu alimruhusu kuitazama. Alirudi wodini, akamkuta mumewe ukutani, akamwambia, "Kiwanda kimefunguliwa." Fundi hakuelewa neno, ila aliuona uso wake, akaacha kulia.

Jumamosi zikawa elfu thelathini na nne. Chiriku aliomba uji. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, akasema zimeanza kupanda.

"Zipande mara mbili," Mama Povu akasema. "Mara moja yaweza kuwa bahati. Bila mara mbili sitoki."

"Hata ukitaka kutoka sikuruhusu," daktari akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Jumapili zikawa elfu sabini na moja. Na Jumapili hiyohiyo, kabla hata majibu hayajaja, kitanda namba saba kilianza kusema. "Mama, huyu mtoto ana mateke kama punda. Mama, kwa nini shuka letu ni jeupe na la wengine si jeupe? Mama, ule uji umekwisha au umeuficha? Mama, baba yuko wapi na mbona simsikii?" Akaendelea hivyo nusu saa nzima. Mama Povu alijifunika uso kwa upande wa nguo yake akalia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anatazama.

Hakuna aliyecheka. Yule mama wa dirishani aliyeanzisha kicheko siku ile alikuwa na shuka jeupe kitandani kwake. Vitanda sita vilikuwa na mashuka hayo, maana Bafuta alikuwa ameuinua ule mlango mara tano. Binti mdogo wa mateke alikuwa amepoa homa Jumamosi, na mama yake, mwanamke mpole asiyewahi kumjibu mtu, alikataa kusaini mpaka apimwe. Akapimwa.

Fundi alikuja na gauni la njano la kumvalisha Chiriku warudi nyumbani. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Alikuwa ameyatoboa matairi yote mabovu, moja moja, kwa msumari wa moto, yasihifadhi tone. Mtaani walipomchokoza, akawajibu, "Ndiyo, mbu walikuwa wangu. Sasa njooni niwaazime misumari, maana mapipa yenu nayo nimeyachungulia."

*

Barua ilikuja Jumatatu, Mama Povu akiwa amekwisharudi kazini, mikono ndani ya pipa. Alitakiwa ofisini kwa mganga mkuu sasa hivi. Alifunga kifurushi kidogo kwapani akaenda kama alivyo, gauni la kazi linachuruzika hadi miguuni.

Mganga mkuu alikuwa nyuma ya meza. Metroni alikuwa kulia, msimamizi wa dobi kushoto, na kiti cha nne, cha kitambaa cha buluu, kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemwonyesha. Alisimama, na maji yakafanya kidimbwi kwenye sakafu iliyong'arishwa.

Msimamizi akasoma. Kutoroka kazini siku tatu. Kuvunja stoo. Kuchukua mashuka sita yaliyokwisha kufutwa kwenye orodha. Kumjibu mkubwa wa wodi mbele ya wagonjwa. Mfanyakazi aandike barua ya kuomba radhi, na arudishe mali ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

"Una la kusema?" mganga mkuu akauliza, macho kwenye saa.

Mama Povu alikifungua kifurushi. Alilitandaza shuka juu ya meza, juu ya mafaili, kalamu na kikombe cha chai cha mkubwa. Madoa manne yakamtazama mganga mkuu. Pembeni yake akaweka kikaratasi cha maabara chenye mwandiko wa Darubini: tisini na sita, ishirini na moja, kumi na nane, thelathini na nne, sabini na moja.

"Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili," akasema, "mlikuwa mmemruhusu aende nyumbani."

Metroni aliyatazama madoa, kisha akatazama miguu yake iliyovimba. "Ni kweli," akasema polepole. "Niliandika mwenyewe kwamba hatoki damu."

"Kuna mtoto wa kitanda namba tatu," Mama Povu akaendelea. "Mashuka yake niliyaloweka mimi. Nilikuja kusema, nikaambiwa sikuajiriwa kusoma. Nikanyamaza. Radhi nitaiandika, lakini kwa mama yake yule. Kwenu hapana. Nataka wodi ya watoto ilale kwenye meupe. Sabuni nitasugua mimi."

Msimamizi alitikisa funguo. "Mheshimiwa, hili ni shuka chafu juu ya meza yako!"

Mganga mkuu alikuwa amekishika kikaratasi, anakisoma kwa mara ya pili. Alikiweka chini, akalisukuma shuka kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayeogopa kugusa kilicho chake. "Sawa, mama. Nimekusikia. Kalifue kwanza hilo, halafu tutazungumza."

Mama Povu alikivuta kile kiti cha kitambaa. Akakaa, na maji ya sabuni yakaanza kuloweka buluu ile chini yake, pole pole, mpaka pembeni.

"Hapana, daktari," akasema. "Tuzungumze kwanza. Halafu nitalifua."